Mwalimu wa Sita na Wiki ya Tatu

Pale kijijini Wamaza hakuna aliyemwita kwa jina lake. Tulimwita Mwalimu wa Sita, kwa sababu alifundisha darasa la sita, lililokuwa la mwisho kwetu, na hata mke wake alimwita hivyo akikasirika. Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, wako wanaojua, nami sitawanyang'anya kazi yao. Mimi najua jinsi alivyotembea: upesi, ameinama kidogo mbele, viatu mkononi. Alivivaa mlangoni mwa darasa na kuvivua hapo hapo saa ya kutoka. Alisema viatu ni vya kufundishia, njia ni ya miguu.

Alikuwa mfupi, mwenye kaptula ya kaki iliyopigwa pasi ya makaa kila Jumapili, na sauti kubwa kuliko kifua chake. Chaki aliitumia mpaka ikawa ndogo kama punje ya mahindi, na aliyeikanyaga alifagia darasa siku tatu. Lakini mfuko wake wa kushoto haukukosa karanga, na mtoto aliyekuja shule bila kula alizipata kiganjani kabla hajaomba. Ukimshukuru alikasirika. "Shukuru kwa Kifaransa," alisema, akijua hatujui.

Zamani zile za Wabelgiji, aliyemaliza la sita vizuri alitumwa Kasongo, kwenye shule kubwa ya Mapadri, siku tatu kwa miguu kutoka kwetu. Huko mtoto alilala, alikula na kusoma mpaka likizo. Walioteuliwa hawakuwa wengi, mwaka mzuri tulitoa saba. Kwa walimu wengine kazi iliisha siku majina yaliposomwa, wakaenda kunywa pombe ya ndizi na wazazi. Yeye siku hiyo hakunywa. Alizunguka na uso wa mtu aliyekumbuka kwamba ameacha chungu motoni.

"Kupasi si kufika," alisema.

Basi wiki mbili kabla ya safari, walioteuliwa tulihamia darasani. Tulisukuma madawati ukutani, tukatandika mikeka kwa mistari, tukalala humo kama tutakavyolala Kasongo. Alfajiri aligonga rimu ya gurudumu la lori iliyotundikwa nje, nasi tulipaswa kuamka, kukunja mikeka, kunawa na kupanga mstari bila neno. Kisha akatupa vijiko. Kwetu bugali huliwa kwa mkono, na mama zetu waliokuja kuchungulia dirishani walishika mbavu kwa kicheko walipotuona tunavyopigana na kijiko na sombe, mboga ya majani ya muhogo, inavyomwagika kifuani.

"Mucheke leo," Mwalimu akawaambia. "Muzoee kucheka hapa. Kule Kasongo mutoto akimwaga, nani atacheka naye vizuri?"

Mama zetu nao alikuwa na somo lao. Siku ya kuondoka hakuna kulia barabarani, na aliyetaka kulia alie jikoni. Mama mmoja alimuuliza kama yeye amewahi kuzaa. Akajibu hapana, lakini amewahi kulia.

Sentensi ya kwanza ya Kifaransa aliyotufundisha kwa ajili ya safari haikuwa salamu. Ilikuwa: sijaelewa, tafadhali rudia. Tuliisema tukifagia, tukila, tukienda mtoni. Alieleza sababu yake siku moja, amekaa juu ya meza, miguu inaning'inia.

"Mutoto wa kwetu, mukubwa akisema naye na haelewi, anainamisha kichwa, ananyamaza. Kwetu ile ni heshima. Kule Padri anaona, anafikiri: huyu ni mujinga. Sasa iko namna gani? Heshima yako inakuandika mujinga. Munyanyue mukono. Museme."

Kifaransa chake mwenyewe kilikuwa kibaya, naye alijua. Mkaguzi mzungu alipokuja, Mwalimu alitupa sisi nafasi ya kusema zaidi, akisimama pembeni na kutikisa kichwa kama mtu anayeelewa yote. Mkaguzi aliandika kwamba ni mwalimu wa kisasa. Tulicheka hadi machozi, naye akacheka nasi, kisha akatupa hesabu kumi za adhabu kwa kumcheka mkubwa.

Lakini somo lake lililojulikana zaidi lilikuwa la Ijumaa. Katika miezi ya mwisho wa mwaka, kila Ijumaa alitupa mtihani wa kushindwa. Alichukua hesabu kutoka kitabu cha madarasa ya juu, vitu ambavyo hatujawahi kuviona, akatusimamia kwa saa nzima, kisha akasoma pointi kwa sauti kubwa: sifuri, sifuri, moja, sifuri. Aliyekuwa wa kwanza wiki hiyo alihamia benchi ya nyuma karibu na mlango, tuliyoiita benchi ya mbuzi kwa sababu mbuzi waliingilia hapo. Alikaa hapo mpaka Ijumaa nyingine.

"Weye ni wa kwanza wa Wamaza," alisema. "Wa kwanza wa Kabambare naye anaenda Kasongo. Wa kwanza wa kila kijiji anaenda. Wote wa kwanza hawawezi kukaa mbele. Lazima wa kwanza mumoja awe wa mwisho. Jifunze kukaa na mbuzi."

Mimi nilikaa na mbuzi mara nyingi, maana nilikuwa wa kwanza mara nyingi. Niliona ni mchezo. Nilimpa mbuzi mmoja daftari langu la zamani alile, darasa zima likacheka. Mwalimu aliniangalia tu, hakuniadhibu, na sikujiuliza kwa nini.

Nilikuwa na sababu ya kuogopa kuliko wenzangu, lakini sikuogopa. Baba yangu alikuwa Mwislamu, mkulima wa mpunga, mtu wa maneno machache. Waislamu wengi wa upande wetu hawakupeleka watoto kwa Mapadri, kwa hofu kwamba mtoto ataondoka akiitwa Ramazani, kama mimi, na kurudi na jina lingine. Baba aliniruhusu mpaka la sita kwa sababu shule ilikuwa karibu, na kila jioni nilirudi nyumbani kusoma Kurani. Kasongo ilikuwa habari nyingine.

Mwalimu wa Sita, ambaye Jumapili aliimba kanisani kwa ile sauti yake ya kutisha ndege, alikuja kwetu mara tatu. Mara mbili za kwanza alipewa kiti na maji, na Baba akazungumza habari za mvua mpaka mgeni akaaga. Mara ya tatu Mwalimu hakukaa.

"Baba Ramazani, leo sikuja ju ya mvua."

"Najua," Baba akasema. "Kule watamupa jina gani?"

"Lile ulimupa weye. Nimeshauliza Padri Mukubwa. Ataingia kanisani na wenzake, atakaa nyuma, lakini hakuna mutu wa kumumwagia maji ya ubatizo bila neno lako."

"Na nyama ya nguruwe?"

"Nyama yenyewe kule wanaiona Pasaka."

Nilimsikia Mama akicheka ndani. Baba hakucheka. Alichora mstari chini kwa kidole cha mguu, akaufuta.

"Musikitini watanisema."

"Watakusema. Na miye watanisema kanisani, kwamba nabembeleza Waislamu."

Baba akamwangalia kwa muda. Nadhani neno hilo ndilo lililomgusa, kuona kwamba na yule mwingine anabeba aibu yake. Akauliza: "Akikimbia?"

"Hatakimbia."

"Mwalimu, sikia. Huyu Amisi naye analilia shule kila siku. Sitamuandikisha sasa. Ramazani akikaa, nitakupa Amisi, na wenzangu wa musikitini watakupa watoto wao. Wananiangalia miye. Ramazani akikimbia, usirudi tena hapa kuomba mutoto."

Amisi alikuwa mdogo wangu, wa miaka tisa. Kazi yake ilikuwa kufukuza ndege shambani, na ukuta wa nyuma wa jiko aliujaza herufi za mkaa nilizomfundisha, A zake zote zimelala kama zimelewa. Alikuwa amesimama pale akisikia yote. Usiku ule alinipa sehemu yake ya samaki.

Hapo sharti niseme habari ya wiki ya tatu, kwa maana bila hiyo mtu hawezi kumjua Mwalimu huyu.

Wengine walidhani mtoto hutoroka shule siku za kwanza, machozi yakiwa bado mabichi. Yeye alijua sivyo. Siku za kwanza mtoto anashangaa: kitanda, taa, chumba chenye vitabu. Wiki ya pili anazoea. Ijumaa ya wiki ya tatu shule ya Kasongo ilisoma pointi za kwanza, mbele ya wote, kuanzia juu mpaka chini, na wale wa kwanza wa vijijini walisikia majina yao mwishoni. Kesho yake njia ilipata watu.

Alijua kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ametoroka shule ya namna hiyo utotoni. Hakuficha. Alitueleza darasani kama mtu anayeonyesha kovu.

"Miye nilikimbia siku ya kumi na tisa. Njia nzima hakuna mutu alinisimamisha. Nilifika nyumbani, mama akafurahi, akanipikia kuku. Ile kuku ndiyo ilinimaliza. Kama angenipiga, ningerudi."

Baadaye alisoma ualimu miaka miwili tu, akawa mwalimu wa watoto ambao, wakikaa, wangemzidi elimu. Alisema hilo bila uchungu. Pengine uchungu ulikuwapo, ila aliufanyia kazi.

Njia ya Kasongo ilikuwa moja, na mwendo wa siku moja kutoka kwetu ilikatwa na mto mkubwa wenye daraja la magogo, kilalo tunavyosema sisi. Kila mwaka, wiki ya tatu, Mwalimu wa Sita alichukua mkeka, chungu kidogo na karanga, akaenda kuketi darajani tangu Jumamosi mpaka Jumatatu asubuhi. Katekista alimshikia darasa Jumatatu hiyo, na katika daftari la mahudhurio Mwalimu aliandika kwamba ana homa. Mtu huyu alituchapa kwa uongo mdogo kuliko huo. Nilipomuuliza, nikiwa mkubwa, alisema homa ilikuwa ya kweli, ila haikuwa ya mwili.

Mtoto aliyetoroka akifika darajani alimkuta. Hakugombezwa. Swali la kwanza lilikuwa, "Umekula?" Alimpikia, akamwacha alale, hakumuuliza pointi zake. Asubuhi alitembea naye kurudi mpaka kijiji cha pili, akamkabidhi kwa katekista wa pale, ambaye alimkabidhi kwa mwingine, hivyo hivyo mpaka Kasongo, na shule ilipokea mtoto kama mzigo uliochelewa. Wako leo makarani na wauguzi waliorudishwa namna hiyo. Wawili walirudishwa kwa miaka miwili mfululizo.

Na mtu huyu aliogopa maji. Mtoni hakuingia zaidi ya magoti, na daraja lile lile alilolilinda hakulivuka bila kushika bega la mtu, macho yametazama juu. Methali aliyoipenda kuliko zote ilikuwa: maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Alitusomea kila mwaka siku ya kuondoka. Sisi tulinong'onezana, naye atavua lini, na alijifanya hasikii.

Sitaki kumfanya malaika. Mwaka mmoja kabla ya wangu, bibi wa mwanafunzi mmoja alifariki katika wiki ile ile ya tatu. Ukoo ulituma mtu Kasongo kumwita mjukuu aje kwenye kilio. Mjumbe alimkuta Mwalimu darajani, na Mwalimu akamgeuza. Alimwambia kwamba mtoto akirudi sasa hatatoka tena, habari ingoje mpaka Noeli. Mtoto alifika Noeli akakuta kaburi limeota majani. Kwetu mtu asiyeambiwa kifo cha bibi yake ni kama ametolewa katika ukoo. Kijana yule alimaliza shule, akapata kazi nzuri, na mpaka leo hajamsalimu Mwalimu. Akimwona njiani hupita upande wa pili.

"Pale nilikosa," Mwalimu alisema. "Nilimulindia masomo, nikamunyang'anya watu wake." Tangu hapo habari za kifo hakuzizuia. Aliwapa wajumbe karanga za njiani.

Sasa habari yangu. Nilifika Kasongo nikiwa na kijiko changu na sentensi yangu. Nilinyanyua mkono, nilisema sijaelewa, Padri alirudia. Jina langu hakuna aliyeligusa. Kanisani nilikaa nyuma, nikahesabu madirisha. Wiki mbili zilipita vizuri mpaka nikamcheka Mwalimu moyoni kwa hofu zake.

Ijumaa ya wiki ya tatu tulisimama uani, majina yakasomwa. Nilisubiri langu katika kumi la kwanza. Halikuja. Katika kumi la pili nilianza kusikia masikio yangu yanawaka. Tulikuwa thelathini na wanne. Nilikuwa wa thelathini na tatu, na wa thelathini na nne alikuwa mgonjwa siku ya mtihani. Kijana mmoja wa mjini aliuliza kwa sauti kama Wamaza wanasoma au wanachunga. Ningeweza kukumbuka benchi ya mbuzi. Sikuikumbuka. Mtu aliyefundishwa kuanguka kwa mchezo, siku ya kuanguka kweli anaumia vile vile.

Jumamosi tulitumwa kutafuta kuni. Niliweka panga langu chini ya mti, nikaondoka.

Nilijua yuko darajani. Hilo ndilo jambo ninaloona haya kuliko yote: nilimjua, na nilitumia kumjua kwangu kumkwepa. Jumapili jioni, kabla ya mto, niliacha njia, nikapanda juu kando ya maji mpaka kwa wavuvi. Mzee mmoja alinivusha kesho yake kwa mtumbwi. Nilimdanganya kwamba nimetumwa na Padri kupeleka barua. Kwa sababu ya kuzunguka porini nilifika kwetu Jumanne, mchana, njaa imenikamata tumbo. Sikuthubutu kwenda nyumbani. Nilikwenda shambani.

Mpunga ulikuwa umepandwa tu baada ya mvua za kwanza, na Amisi alikuwa pale akifukuza ndege wanaofukua mbegu. Aliniona, akashusha mawe yake.

"Shule imefungwa?"

"Hapana."

Hakuuliza tena. Alinipa muhogo wake wa kuchoma, nikala nikimpa mgongo. Nilikuwa sijamaliza tuliposikia sauti njiani, na moja ilikuwa ile ya kutisha ndege. Niliingia katika kibanda cha shamba, nikalala kifudifudi nyuma ya rundo la majani. Kupitia matundu ya ukuta niliona miguu ya Baba, na kando yake miguu mitupu ya Mwalimu wa Sita yenye vumbi la njia mpaka magotini.

"Nimetoka kule jana," Mwalimu alikuwa akisema. "Siku tatu nzima. Baba Ramazani, sijaona mutu. Hata mumoja. Tangu nianze hii kazi, ni mwaka wa kwanza."

"Na wangu?"

"Wako amekaa. Nilikuambia atakaa."

Nilidhani Baba atasema habari za mvua. Kisha nikasikia sauti yake imebadilika, laini, sauti aliyoitumia kwa Mama tu.

"Mwalimu, keti. Amisi, kuja hapa. Kesho usikuje shambani. Kesho utaenda na Mwalimu, akuandike." Akamgeukia Mwalimu. "Na ndugu zangu wawili watakuja kukuona Ijumaa kisha sala. Wako na watoto wanne."

Niliona miguu ya Amisi, myembamba, imekaza vidole katika udongo. Yeye peke yake alijua. Neno moja lake lingemaliza yote, na pia ukimya wake ulikuwa uongo mbele ya Baba, ambaye hatukumdanganya kamwe.

"Unalia nini?" Baba akamuuliza. "Si ndiyo ile ulitaka?"

"Ndiyo, Baba," Amisi akasema. "Nafurahi."

Walipoondoka aliingia kibandani. Hakunigombeza. Alifunga muhogo uliobaki katika jani la ndizi, akaweka mbele yangu, na kibuyu cha maji juu yake.

"Kaka," akasema, "ukienda sasa, giza litakukuta kwa katekista wa njiani."

Nilikwenda. Nilivuka darajani safari hii, maana hapakuwa na mtu wa kumkwepa. Pale Mwalimu alipoketi palikuwa na majivu, na maganda ya karanga yamerundikwa vizuri pembeni, kwa sababu hakupenda uchafu. Karanga zilikuwa za watu wengi. Alikuwa amezimenya awe tayari kwa watoto ambao hawakuja, akaishia kuzila mwenyewe. Niliketi nikalia kama mtoto mdogo, kisha nikaondoka kabla sijabadili nia.

Shuleni Padri aliniuliza nilikuwa wapi. Nikamwambia kwa Kifaransa changu kidogo: nilikimbia, nimerudi. Alikuwa na barua mezani ya kupeleka kwetu, inangoja lori la pamba. Aliniangalia, akaichana, akanipa wiki mbili za kupalilia shamba la shule. Mwishoni mwa mwaka nilikuwa wa kumi na mbili. Sijawahi kuwa wa kwanza tena, na nimeishi.

Miaka ilipita, nikawa mwalimu Kabambare. Amisi naye aliingia shule kubwa, na watoto wa msikiti wetu wengine tisa nyuma yake. Kila likizo nilimsikia Mwalimu akisimulia mwaka wetu: sokoni, kwenye harusi, hata kwa mkaguzi. "Mwaka ule sikupata mutu." Ulikuwa fahari ya maisha yake, kwa maana kabla na baada yake alipata mtu kila mwaka. Nami kila mara niliangalia chini. Nilimheshimu mno kumnyang'anya, au nilikuwa mwoga. Siku hizi nasema nilikuwa mwoga.

Nilimkuta mara ya mwisho pale Kabambare, mwaka ambao watu walikuwa wameanza kusema wazi kwamba Wabelgiji wataondoka. Alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya ofisi ya teritware, yaani ya wilaya, akingoja karatasi ya kupumzishwa kazi, viatu mapajani. Nywele zote zilikuwa nyeupe na goti moja limevimba. Nilimchukua nyumbani. Mke wangu alimpikia samaki, akamkaribisha kama baba mkwe, na kabla sahani haijafika Mwalimu alikwisha kuanza.

"Mama, bwana yako huyu ni wa mwaka ule sikupata mutu."

Mke wangu aliijua kweli, maana nilimwambia tulipooana. Aliinua macho akaniangalia, kisha akaangalia sahani. Nikaona kwamba nikinyamaza leo, nitanyamaza kaburini kwake.

"Mwalimu," nikasema, "mwaka ule kulikuwa mutu."

Akaacha kutafuna.

"Nilikuwa miye. Nilipita juu, kwa wavuvi, nikavuka na mtumbwi. Siku ile ulikuja shambani kwa Baba, nilikuwa kibandani. Nilisikia yote."

Aliweka mkono wake pembeni ya sahani, taratibu. Uso ulimzeeka mbele yetu. Sikuwahi kumwona ameumia hivyo, hata siku kijana yule wa kilio cha bibi alipompita barabarani bila salamu. Nilitamani nilirudishe neno langu mdomoni.

"Miaka yote najisifu," akasema chini chini. "Watu wote nimewaambia."

"Nisamehe, Mwalimu."

Alitazama mlango, kisha akageuka ghafla, kama zamani mtu alipotoa jibu asilolitarajia ubaoni.

"Na nani alikurudisha?"

"Hakuna."

"Baba yako?"

"Hajajua mpaka leo."

"Padri alituma mutu? Katekista?"

"Hapana. Amisi alinipa muhogo, nikarudi na miguu yangu."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilifikiri analia, na machozi kweli yalikuwapo, lakini alikuwa anacheka, ile sauti kubwa ikijaza nyumba mpaka kuku wakatoka mlangoni. Alipopata pumzi alivuta sahani karibu na kumgeukia mke wangu.

"Mama, niongeze bugali," akasema. "Nilikaa pale kilaloni miaka yangu yote nangojea mutoto mumoja wa kujirudisha yeye mwenyewe. Kumbe alipita kwa wavuvi."